Wimbo Usio na Maneno

"Dada, kwani huu wimbo hauna maneno?"

Tulikuwa kwenye matatu, jioni, jam ya Thika Road imekaza kama kawaida. Hedifoni moja ya waya, watu wawili. Kipande cha kulia nilikuwa nacho mimi, cha kushoto alikuwa nacho mdogo wangu. Sikioni mwangu John Lennon alikuwa anapasua koo. Nikamwangalia mdogo wangu nikidhani ananitania. Wapi. Alikuwa anatikisa kichwa, anafuata ngoma na magita, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesubiri mwimbaji aingie.

Nikampa kipande changu. Akakiweka sikio la kushoto, maana la kulia halisikii. Halijasikia tangu alipougua akiwa mtoto mdogo. Macho yakamtoka. "Kumbe kuna msee hapa!"

Kwa miaka yote niliyomjua, yaani miaka yake yote, mdogo wangu amesikiliza dunia kwa sikio moja. Sikuwahi kuliona hilo kama suala la muziki. Kwangu lilikuwa suala la aketi upande gani mezani, atembee upande gani barabarani, umwite ukiwa wapi. Nyumbani kila mtu anajua: usimwongeleshe kutoka kulia. Siku hiyo ndiyo niligundua kwamba kuna watu walikaa studio huko London, miaka mingi kabla hatujazaliwa, wakamwongelesha kutoka kulia.

Nimekuwa nikijiuliza kama walimkosea. Na kama walimkosea, nani ana haki ya kurekebisha, ilhali wengi wao wameshakufa? Najua mtu atasema ni wimbo tu. Sawa. Lakini nyimbo ndiyo njia tunayowasikia wafu mara nyingi zaidi kuliko njia nyingine yoyote, kwa hivyo tuvumiliane.

Wimbo wenyewe ni Twist and Shout. Tarehe 11 Februari 1963 the Beatles waliingia studio za EMI pale Abbey Road asubuhi, wakatoka usiku wakiwa wamerekodi nyimbo 10 za albamu yao ya kwanza, Please Please Me. Lennon alikuwa na mafua. Prodyuza wao, George Martin, aliuweka wimbo huu mwisho kwa makusudi, kwa sababu alijua ukiimbwa mapema koo halitabaki la kuimba zingine. Walijaribu mara mbili, na ile ya kwanza ndiyo tunayoisikia hadi leo. (Si wimbo wao, kwa njia. Uliandikwa na Bert Berns na Phil Medley, na waliouvumisha kabla yao ni the Isley Brothers, Wamarekani weusi, mwaka 1962. Nani huwekwa mbele na nani nyuma katika historia ya pop ni kesi kubwa kuliko hii yangu, na leo siiwezi.)

Kanda waliyorekodia ilikuwa na njia mbili tu. Leo kijana mwenye laptop huko Umoja ana njia mia moja na bado analalamika. Martin na fundi wake wa sauti, Norman Smith, waliweka ala zote kwenye njia moja na waimbaji kwenye njia ya pili. Hawakufanya hivyo ili wewe usikie bendi kushoto na mwimbaji kulia. Walitaka kujiachia nafasi ya kuamua baadaye: sauti ipande kidogo, magita yashuke kidogo, halafu vyote viunganishwe kuwa kitu kimoja kinachotoka kwenye spika moja. Mono. Njia zile mbili zilikuwa sufuria mbili jikoni, ugali huku na mboga kule. Hakuna aliyepanga mgeni ale jikoni.

Santuri ya mono ilitoka Machi mwaka huo. Ya stereo ilifuata mwezi Aprili, na kuitengeneza, kwa sehemu kubwa, kulikuwa ni kuzitoa sufuria zile mbili zilivyo na kuziweka mezani, moja kila upande.

Kuwatetea kidogo: hedifoni hawakuwa nayo akilini. Weka spika mbili sebuleni. Hata kama mwimbaji yuko kwenye spika ya kulia peke yake, sikio la kushoto nalo linampata, kwa kuchelewa kidogo mno, na kwa uhafifu fulani kwa sababu kichwa chako kimekaa njiani. Sauti inagonga ukuta, inagonga kabati, inarudi. Chumba kinawapatanisha. Mdogo wangu angekuwa amekaa kwenye sebule hiyo, angesikia wimbo wote. Hedifoni haina chumba. Cha kulia kinabaki kulia, kama mtu anayekunong'oneza kwenye sikio moja huku mwenzake akikupigia gita kwenye jingine, na hao wawili hawajuani.

Na stereo yenyewe, wakati ule, haikuwa ya watu wengi. Kijana wa Liverpool mwaka 1963 alikuwa na redio, au kicheza santuri chenye spika moja. Hata mwaka 1967, walipotengeneza Sgt. Pepper, the Beatles wenyewe walikuwepo wakati mono inachanganywa, kazi iliyochukua wiki kadhaa. Stereo ilimalizwa kwa siku chache, wao hawapo.

Hapo ndipo huwa nasimama. Kazi yenye uangalifu ilifanyiwa chombo cha bei nafuu. Mimi nimekulia mahali ambapo cha bei nafuu hupewa kilichobaki: barabara ya mtaa wenu itawekwa lami ikibaki pesa, maji yatafika kwenu yakishatosheleza kule juu. Hawa jamaa walimfikiria kwanza mtu wa spika moja. Sidhani ilikuwa ni wema. Soko lilikuwa hapo. Lakini matokeo yake yalikuwa kwamba mtu mwenye redio mbovu, au sikio moja, alipata wimbo mzima, umepimwa kwa mikono ya waliouimba.

Kisha mambo yakageuka. Abbey Road, mwaka 1969, ilitoka kwa stereo pekee. Mono ikafifia madukani. Mwaka 2009 ilikusanywa ndani ya kasha la wakusanyaji, kitu cha kuwekwa kwenye rafu ya mtu mwenye rafu. Ukifungua albamu ile ya kwanza kwenye simu yako sasa hivi, unachokutana nacho ni stereo, sufuria mbili, na hedifoni ambayo haina chumba. Yaani toleo lililotengenezwa kwa ajili ya wachache, bila kujali sana, ndilo limekuwa la kila mtu.

Mwaka 2023 Giles Martin, mtoto wa George, alitoa mchanganyo mpya wa wimbo huu katika toleo jipya la mkusanyiko wa 1962–1966, ule wenye jalada jekundu. Teknolojia aliyotegemea ilitokana na kazi ya timu ya Peter Jackson walipokuwa wakitengeneza Get Back: programu ya akili bandia iliyofundishwa kutambua hili ni gita, hii ni ngoma, hii ni sauti ya mtu, hata kama vyote vimelala kwenye njia moja ya kanda. Zamani ungesema huwezi kuitoa chumvi kwenye mchuzi. Sasa inatolewa. Ala zikatenganishwa, zikapangwa upya, na Lennon akaletwa katikati.

Nilimwekea mdogo wangu, sikio lake moja. Wimbo ulikuwemo, karibu wote. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hii sasa imekamilika."

Ningeweza kuishia hapo na ningekuwa nimeshinda mjadala. Mtu mwenye sikio moja amepata alichokosa, wenye muziki wao wa kale walalamike huko. Lakini wale wanaolalamika wana hoja, na nisingependa kuipita kwa dharau. Wanasema kanda ni ushahidi. Njia zile mbili zilipokea pumzi za watu wanne wakiwa chumba kimoja, usiku, wamechoka. Programu haikuwepo. Inachofanya ni kukisia: hapa nadhani gita linaishia, hapa nadhani ngoma inaanza. Inakisia vizuri, sawa, lakini ukisikiliza wimbo huo mpya unasikia pia makisio hayo, na hakuna anayekuonyesha ni wapi. Wanasema pia kwamba ule mgawanyiko mbaya una ukweli ndani yake. Unakuonyesha kazi ilivyofanyika. Ni kama nyumba ambayo fundi hakupiga plasta, unaona kila jiwe lilipowekwa.

Jibu la kawaida kwa hoja hiyo ni: wenyewe wangetaka hivi. Wangekuwa na vifaa vya leo, wangemweka mwimbaji katikati.

Mimi hiyo sentensi siiamini, na sababu ni kwamba nimeisikia sana matangani. Marehemu angetaka shamba liuzwe. Marehemu angetaka watoto wakae kwa mjomba. Nimehudhuria mazishi ya kutosha kujua kwamba marehemu hutaka, kila mara, kile anachotaka mtu aliyeshika maikrofoni. Lennon alikufa 1980. George Harrison 2001. George Martin 2016. Ukisema wangetaka, unajisemea, umevaa koti lao tu.

Na hata aliye hai hamalizi swali. George Martin mwenyewe, albamu za Help! na Rubber Soul zilipokuwa zinaandaliwa kwa CD mwaka 1987, alirudi akazichanganya upya. Kazi yake, masikio yake, hakumsemea mtu. Lakini ile michanganyo ya 1965, yenye kasoro zake, ilikuwa imeshakaa majumbani kwa watu zaidi ya miaka 20. Watu walikuwa wameipenda wakiwa wadogo, wengine wameposana nayo ikicheza. CD ikatoka na kitu kingine chini ya jina lile lile. Michanganyo ya zamani ilikuja kurudi kwa CD mwaka 2009, ndani ya lile lile kasha la mono. Kosa likishapendwa miaka 20 ni la nani? La aliyelikosea, au la aliyelipenda?

Kuna mtu mmoja ninayemrudia kila nikifika hapa. Brian Wilson wa the Beach Boys alikuwa karibu kiziwi kabisa katika sikio la kulia, sawasawa na mdogo wangu. Pet Sounds, albamu ya 1966 ambayo watu bado wanaipigia magoti, aliitoa kwa mono. Stereo kwake ilikuwa habari ya kuambiwa, kama rangi kwa mtu asiyeona. Miaka 30 baadaye fundi wake Mark Linett alirudi kwenye kanda za awali, akatengeneza stereo kamili, na ikatoka mwaka 1997 kwa idhini ya Wilson. Fikiria hiyo idhini. Mtu anakubali kazi yake ipangwe kwa namna ambayo yeye mwenyewe hawezi kuisikia. Anaamini kwamba hapo kulia, mahali ambapo kwake ni kimya, kuna kitu kizuri cha watu wengine.

Kwa miaka mingi niliichukulia hiyo kama hadithi ya huzuni. Siku hizi naiona kama mfano wa jinsi ruhusa inavyopaswa kuwa: aliye na kazi anajua hataufaidi mgeuzo, anautoa kwa sababu wengine wataufaidi, na toleo lake la kwanza linabaki pale pale, linauzwa, linasikika, hakuna aliyelificha. Kwa mdogo wangu mambo ni kinyume, yeye ndiye anayehitaji mgeuzo, lakini masharti ni yale yale. Sogeza sauti. Sema umesogeza. Na ulichokikuta ukiache mahali kinapoonekana. Kwa hilo la mwisho, toleo la 2023 limefanya haki kuliko CD za 1987: limeandikwa mwaka wake, na lile la zamani liko papo hapo, ukitaka.

Kitu kingine kilichonilegeza msimamo ni kujua kwamba "mahali" katika stereo hapakuwahi kuwa mahali. Aliyeibuni, Alan Blumlein, alikuwa mhandisi wa EMI. Inasimuliwa kwamba alikuwa sinema na mwanamke aliyekuja kuwa mke wake, akakerwa kuona mwigizaji anatembea kutoka upande mmoja wa skrini hadi mwingine huku sauti yake ikibaki mahali pamoja. Aliomba hataza ya mfumo wake Desemba 1931, na Januari 1934 alikuwa Abbey Road, jengo lile lile, akirekodi okestra ya Thomas Beecham ikifanya mazoezi ya Mozart. Alitaka sauti imfuate mtu. Ni nia safi kabisa. Lakini namna inavyofanya kazi ni kwamba ukizipa spika mbili sauti ile ile, kwa nguvu ile ile, ubongo wako unamwona mwimbaji katikati yao, mahali ambapo hakuna spika, hakuna waya, hakuna chochote. Yule msanii unayemsikia "mbele yako" umemsimamisha wewe.

Kwa hivyo sioni kama Lennon wa kulia ni wa kweli na Lennon wa katikati ni wa uongo. Wote wawili wamewekwa. Usiku ule alisimama mbele ya maikrofoni, na mahali aliposimama hapamo katika toleo lolote. Ninachoweza kuuliza ni aliyemweka alikuwa anamfikiria nani. Mafundi wengi mpaka leo, kabla ya kumaliza kazi, huusikiliza wimbo kwa mono, kuhakikisha hakuna kinachopotea. Ukisikiliza vile muziki unavyoishi hapa kwetu, unaelewa kwa nini: simu yenye spika moja juu ya meza ya kibanda, redio ya mlinzi getini, wanafunzi wawili wamegawana hedifoni, au hedifoni ya mia moja ambayo upande mmoja ulikufa wiki ya pili. Nusu ya mji huu inasikiliza kwa sikio moja hata ikiwa na mawili. Prodyuza anayemtupa mwimbaji kabisa upande mmoja kwa sababu inapendeza kwenye hedifoni yake nzuri, huyo sina la kumtetea. George Martin mwaka 1963 hakujua. Wewe unajua.

Na mimi je? Usiku ule baada ya matatu nilitafuta kwenye mtandao, nikakuta kwamba simu zina kitufe cha mono. Kipo kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, unakibonyeza na pande zote mbili zinaungana. Kiko kwenye simu ya mdogo wangu. Kilikuwepo pia kwenye simu aliyokuwa nayo kabla ya hiyo. Tulijua upande wa kumketisha mezani, tulijua kumwita kutoka kushoto, na kwa miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyewahi kumuuliza anasikia nini akivaa hedifoni. Nilikuwa nimetayarisha hasira kali kuhusu watu wa London. Ilibidi niipunguze.

Nilimwonyesha kitufe. Akakiwasha, akafurahi, akarudia nyimbo zake zote, za Sauti Sol kwanza, akitafuta vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia. Nilidhani hiyo ndiyo habari imeisha.

Wiki iliyopita nikamkuta kwenye kiti cha nje ameuweka ule wimbo, toleo la zamani, na kitufe amekizima.

"Si nilikuonyesha ile mpya?"

"Mpya ni poa. Lakini hii naweza kumsikia Ringo peke yake, hakuna mtu anamfunika." Akaugeuza wimbo uanze tena, akabadilisha vipande, cha kulia kikaingia sikio la kushoto. Alinieleza anavyofanya: mara ya kwanza bendi, mara ya pili waimbaji, halafu anavizima vyote na kuucheza wimbo mzima kichwani. Ati hapo ndipo anaupenda zaidi. Nilijaribu kufanya vile na masikio yangu mawili, sikuweza. Kila mara nilikuwa nimeshausikia.

Akarudisha kipande cha kushoto. Chumba kile cha studio kilikuwa kimoja, kwa hivyo maikrofoni za ala zilinasa mambo ambayo hayakuwa yao. Nikamwona amekunja uso, anasikiliza kitu kidogo.

"Kuna mtu anapiga kelele huko nyuma," akasema. "Kama yuko chumba cha pili. Ni yule yule?"

"Ni yule yule."

Akaongeza sauti.